Ua Letu Limefunguka, Mama Furaha

Mama Furaha,

Limefunguka. Nilitaka nikusalimie kwanza kwa adabu, lakini siwezi kungoja. Lilifunguka Jumanne saa nne asubuhi, na ni la buluu. Kingoni lina zambarau kidogo, sikudanganyi. Lakini limetoka kwenye okidi nyeupe kama karatasi, na wewe unajua, maana vipande vya kwanza ulivikata mwenyewe. Nilipiga kelele mpaka wenzetu wanaootesha miche ya migomba maabarani wakaja mbio wakidhani nimejichoma.

Miezi kumi na mmoja sasa tangu uanguke pale kwako Nyakabiga na kutuacha. Maabara inaendelea. Migomba ndiyo kazi kubwa bado, na watu wa Buterere walikuja kuchukua miche mingi baada ya maji kuwaharibia mashamba. Kiti chako nimekikalia mimi. Wiki za mwanzo nilishindwa.

Nakumbuka nilivyofika na diploma yangu, na wewe ulikuwa umeajiriwa kuosha chupa. Kila chupa niliyopanda kipande cha mmea ndani yake iliota ukungu. Ulinitazama siku kadhaa kutoka kwenye sinki, halafu ukasema taratibu, "Mutoto wangu, unapumua juu ya chupa." Miaka yote ya chuo, na hakuna aliyeliona hilo. Tangu siku hiyo nikakupa kisu cha kukatia vipande, na patron, mkuu wetu wa maabara, aliyecheka kwanza, akakuletea blauzi nyeupe ya kazi.

Tulipoanza kazi ya okidi, ulitaka nikueleze kila kitu. Tukiwa kwenye ngazi, tunakula mandazi, nilikuambia kwamba tutachukua jeni ya rangi kutoka kwenye mmea wenye maua ya buluu, tumpe bakteria anayejua kuingia ndani ya mimea, naye aipeleke mpaka ndani ya okidi. Nilikuuliza kama unaona tunamkosea Mungu. Ulitafuna kwanza. "Rangi ni ya Mungu, mumea ni ya Mungu. Sisi tunabeba tu."

Halafu umeme ukakatika siku tatu, na mjini hakukuwa na mafuta ya jenereta. Joto likaingia, ukungu ukala chupa zetu zote za okidi. Nilizitupa zote kwenye beseni huku nalia.

Miezi miwili baadaye ukaniletea chupa moja, uliyoiokota kwenye beseni lile na kuificha nyuma ya migomba. Ndani kulikuwa na kipande cha kahawia. Nilikasirika. Nikakuambia kimekufa, na kwamba hujasoma, huwezi kujua. Mama, neno hilo nililisema mbele ya watu. Ulinisogezea tu chupa dirishani ukasema, "Angalia muzuri." Chini kabisa kulikuwa na doa la kijani, dogo kuliko punje ya mtama.

Doa hilo ndilo lililofunguka Jumanne.

Lilipotoka kwenye chupa na kuingia kwenye chungu, nilikuona ukiliimbia. Lakini msamaha sikukuomba. Kila siku nilisema kesho.

Sasa sikiliza. Patron ameandika ripoti ya kupeleka kwa wale wanaosimamia mimea ya namna hii. Majina yalikuwa mawili, lake na langu. Nilipouliza, akasema kwenye ripoti kama hiyo huwekwa majina ya wenye diploma. Nikamwambia sitasaini. Nikamsimulia habari ya beseni, na neno nililokuambia, lote. Alivua miwani, kisha akachukua kalamu akaniuliza jina lako kamili. Aibu ilinishika: hakuna hata mmoja kazini aliyelijua. Ikabidi nimpigie simu mwanao Furaha, akanitajia: Mapendo Riziki. Patron ameliandika kwa mkono wake, juu ya langu, kwa sababu nilimwambia aweke hapo.

Nilitaka nikuletee ua kaburini. Sheria haikubali, halitoki maabarani mpaka waturuhusu. Basi Ijumaa nikamwalika Furaha aje alione mwenyewe. Alivaa blauzi yako, mikono ikampita kidogo. Alisimama mbele ya chungu muda mrefu, akiinama huku na huku. Mwishowe akasema, "Mama alikuwa anatuambia iko anatengeneza ua. Tulizani anasema tu." Tukacheka, tukalia, tukacheka tena.

Nisamehe, mama. Ulijua, na mimi sikujua.

Jumatatu nitakata kijiti cha kwanza nizalishe mengine, na roho inanidunda kama mtu anayekwenda harusini. Kila atakayeniuliza ua hili limetoka wapi nitamwambia habari yote, pamoja na aibu yangu. Siku wakituruhusu kulitoa, la kwanza litapandwa uani kwa Furaha, nyumbani kwako.

Pumzika salama, Mapendo Riziki.

Nadine wako