Kabla Hujatia Sahihi Karatasi ya Kiwanda

Kiprono mjukuu wangu,

Hapa Njoro sote tu wazima, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza kama utie sahihi karatasi ya kiwanda, ile inayosema mkono wako uliumia kwa uzembe wako. Nimechukua kalamu papo hapo nikujibu.

Miaka ya hamsini, mashine ya kupura ngano ilimkata baba yangu vidole vitatu kwenye shamba la mzungu tulikokuwa tukiishi. Karani akaja nyumbani na karatasi ya Kiingereza na wino. Kwetu aliyesoma ni mimi tu, msichana mwoga wa kushinda na vitabu.

"Mwalimu," baba akanitania, "inasema nini?"

Ilisema kosa ni lake na hatadai fidia. Niliielewa yote.

"Wewe msichana, tunangoja," karani akasema. "Ama huko shuleni mnafunzwa kubishana na wanaume?"

Nikainamisha kichwa, jinsi nilivyolelewa. "Ni sawa, Baba."

Akabonyeza dole gumba kwa kuniamini. Mwezi uliofuata tulifukuzwa shambani, mkono wake ukiwa bado na bandeji.

Karani yule sijamsamehe. Adabu yangu ya siku ile pia sijaisamehe.

Usitie sahihi. Peleka karatasi hiyo kwanza ofisi ya leba, wanakotetea haki za wafanyakazi. Watu wa kiwanda wakikuharakisha, nipigie simu mbele yao, kisha uwape waongee na mimi. Nina maneno ya kuwaambia hapa, yamekaa kooni tangu nikiwa msichana.

Nyanya yako