Hodi ya Ukutani

Rumonge, Ijumaa usiku

Na bado mkeka huu unaniudhi! Mwekundu, mbele ya ukuta wa buluu. Mwenye macho atalalaje hapa?

Bi Mwamini aliniita nimtafute mumewe, aliyepotea ndani ya chumba hiki. Askari wa Mdachi walichimbua sakafu wasione kitu. Mimi nilifukiza udi, maana majini nao wanapenda vitu vizuri, nikakaa kusikiliza.

Alasiri mwanamke akapiga hodi. Sauti tamu ajabu! Nikaitikia, "Karibu," kama mtu yeyote mwenye adabu. Kumbe hodi ilitoka ukutani.

Papo hapo mume akatokea nyuma yangu, amekonda, akakimbilia mlangoni.

"Unisamehe, bwana. Mimi pia nilimuitikia. Sasa mwenyeji ni wewe, na mwenyeji hamuachi mugeni mpaka aage. Huyu haagi. Anabisha tu kila alasiri."

Mlango uko wazi. Nikivuka kizingiti, najikuta tena juu ya mkeka huu mbaya.

Naogopa. Kesho askari watakuja kunitafuta. Hodi ikipigwa, mimi nitanyamaza.

Yule askari mrefu, aliyeniamkia leo nilipoingia, ana adabu sana.