Nyota za Padri na Taa ya Isidore

Jumapili, 3 mwezi wa sita 1956

Leo baada ya misa Padri Henri ameniita kwenye kijumba chake cha bati, pale anapoweka chombo cha kutazamia nyota. Mi nafua nguo za misheni miaka yote hii, humo sijawahi kuingia. Amenionyesha picha ya anga, iliyopigwa juu ya kioo. Doa tu! Nikasogeza jicho — si doa. Ni nyota, elfu na elfu, zimebanana kama visamaki vya ndagala kwenye mkeka. Ukitazama angani unaona moja tu, yenye ukungu. Na humo ndani, anasema, ziko zisizotulia: jioni zimefifia, kabla ya kukucha zimewaka tena. Nikauliza kama zinakufa. Akasema hapana, kila moja ina saa yake ya kurudi.

Rozari ya jioni nimesali vibaya, mawazo yako kule. Mungu hageuki, nyota zake zinageuka. Sijui kama ni dhambi kufurahi namna hii.

Jumatatu, 4

Padri iko na shida. Mwezi unakwisha, na giza ndilo analotaka. Lakini giza ndilo wavuvi nao wanataka, kwa ajili ya ndagala. Taa ziwani, moto pwani, moshi — picha zake zinaharibika. Anaomba usiku mmoja tu, Ijumaa, toka jioni mpaka alfajiri.

Nikamwambia Padri: Niachie mi, mon père. Nani alinituma kufungua kinywa?

Maana moto wa pwani si wa kuota. Hapa Baraka kila mama anawasha wake, mahali pake, mume akiwa majini. Kwa moto huo mume anajua wapi ni kwake.

Jumatano, 6

Nimezunguka nyumba zote za wavuvi. Miguu inauma. Hawa, muke wa Mashaka, mkubwa wa mitumbwi, alinicheka mbele ya bamama: sasa Padri amechoka na maharage, anataka kula nyota?

Nikamweleza kama Padri alivyonieleza. Taa ya Mashaka ikionekana ndogo, si unajua iko mbali? Kwa sababu nguvu yake unaijua. Basi zile nyota zinazogeuka, Padri anajua nguvu yake. Akiona zilivyo ndogo, anapima umbali.

Hawa akasema, "Kumbe anafanya kazi yetu."

Wamekubali. Ijumaa usiku hakuna mtumbwi, hakuna moto, hakuna taa. Nimewaapisha mmoja mmoja, hata wale wa msikiti. Mume wangu Isidore ananiita Mama Mkubwa wa Giza. Anacheka peke yake akila.

Ijumaa, 8, mchana

Habari imefika kutoka Ubwari, ng'ambo ya ghuba: dada yake Isidore, Georgette, ni mgonjwa sana. Isidore amevuka asubuhi na mtumbwi kumwona. Alichukua taa kwa mazoea. Nikamwambia: iache, Baba Suzanne, watu watasema sheria ni ya wengine, kwangu hapana. Akaiweka mezani. Hakubisha. Alisema atarudi jua likiwa bado juu.

Ijumaa, usiku

Hajarudi.

Upepo wa kusini umeanza saa kumi, haujatulia. Naandika na kibatari, dirisha nimeziba na blanketi. Nje pwani ni nyeusi kabisa, kama nilivyotaka. Ile nyota yenye ukungu iko juu, safi. Nimetoka, nimeingia, nimetoka. Salamu Maria naanza, simalizi.

Labda amelala kwa Georgette. Muntu mwenye akili angelala. Lakini alisema atarudi, na mi namjua.

Hawa amegonga. Ameuliza kama Isidore amefika. Nikasema bado, nikaanza kueleza habari ya Padri. Akanikata: "Mama Suzanne, unangoja ruhusa ya nani?"

Kweli. Padri mwenyewe angesema washa. Aliyenifunga si yeye, ni kinywa changu. Nimeona haya kuwa wa kwanza kuvunja. Haya! Na mume wangu iko majini.

Nimetoa blanketi dirishani.

Baadaye. Niko pwani. Nyasi zilikuwa mbichi, zilinitesa, lakini moto umeshika. Hawa amewasha wake, ijapokuwa Mashaka amelala nyumbani. Na wengine, mmoja baada ya mwingine, pwani yote. Kijumba cha Padri juu bado giza. Sijui kama ametuona. Picha yake imekwisha haribika, Bwana anisamehe.

Natazama maji. Hakuna mwanga hata mdogo wa kupimia. Zile nyota Padri anajua ziko mbali kiasi gani. Isidore mi sijui.

Taa yake nimeileta, mafuta yamejaa. Nimeiwasha, nikaishika juu mpaka mkono ukachoka. Hawa amenipokea taa, ndiyo maana nimeandika haya. Sasa na mkono wake umechoka. Naenda kuishika.