Kaseti ya Fusae

Kamisuwa, Suwa,
Mkoa wa Nagano.
11 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Yasunori,

Pokea salamu za mjomba wako kutoka huku ambako baridi imeshaanza kuuma vidole. U hali gani, mwanangu? Lucília hajambo? Na Mirei, lile goti alilolichubua kwa baiskeli limepona? Barua yako ya Septemba nimeisoma mara nyingi hata karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Mimi, nisikufiche, si mzima. Maji yanajaa kifuani, wanayatoa, yanarudi. Nilimwuliza daktari kama nitayaona maua ya mplamu mwezi wa Machi, akainamia makaratasi yake. Nimefundisha miaka thelathini na minane; namjua mtu anayeinamia makaratasi kwa sababu jibu analo ila hataki kulitoa.

Ukiona mwandiko unabadilika katikati ya barua, ujue nimeandika kwa siku kadhaa. Bibi Ikuko, muuguzi anayekuja nyumbani, hanipi raha. Jana alinikuta nimekaa na kalamu akanitolea macho: "Mwalimu, unamwandikia mpwa au unatunga mtihani? Hebu lala huko!" Nikalala. Alipoondoka nikaamka tena.

Uliniuliza jambo dogo, nami nitalijibu. Lakini nyuma yake lipo jambo kubwa linalomhusu mama yako na juma lake la mwisho, nalo nitalisema kabla sijaiweka kalamu chini. Ukiona najivuta, nivumilie. Nimejivuta miaka thelathini na miwili.

Umesema Mirei amepata kwenye soko la mitumba mashine ya zamani ya michezo ya mkononi, ile ya kijivu yenye kioo cha kijani kisicho na taa, na anataka kujua atafute kaseti zipi. Umemwambia aniulize mimi, kwa sababu mwaka jana tulipozungumza kwa video uliona rafu nyuma yangu imejaa kaseti mahali palipokuwa na vitabu. Nakumbuka ulivyocheka: "Mjomba! Wewe? Si ndiye uliyekuwa ukiwanyang'anya wanafunzi?" Nikacheka nami, nikakuuliza habari za mvua. Hukujua kwa nini nilikuuliza habari za mvua.

Basi, mwambie mtoto aanze na ule wa matofali yanayoanguka. Hauhitaji kusoma, na mashine yenyewe ni kama iliumbwa kwa ajili yake. Amwonee huruma babu yake asifanye kosa langu: kujaza upande mmoja na kuacha upenyo, akingoja tofali refu. Tofali refu huja ukishakufa.

Akishauzoea, atafute ule wa msimamizi wa stesheni ndogo. Unasukuma mabehewa mbele na nyuma mpaka yafuatane ipasavyo, treni iondoke. Hakuna adui wala saa inayokuhimiza. Nimeucheza hospitalini sindano ikiwa mkononi. Upo pia wa kuvua samaki mtoni, ambao picha zake ni duni lakini sauti ya maji ni nzuri mno; avae visikilizio masikioni.

Ya mashindano ya magari asinunue. Kioo kile huacha kivuli kila kitu kinapokwenda kasi: gari lako limeshakata kona, kivuli chake bado kinanyoosha barabara. Na ule wa shogi, chesi yetu ya Kijapani, auache kabisa. Mashine hufikiri hatua moja mpaka chai inapoa.

Kaseti ikikataa kuwaka, asiipulize kwa mdomo kama mlivyokuwa mkifanya nyote. Mate huleta kutu. Achovye kijiti cha pamba kwenye spiriti, asugue meno ya shaba taratibu, angoje yakauke.

Ulio bora kuliko yote nimeuacha nyuma, kwa kuwa unaujua. Ni ule wa wasafiri watatu wanaopeleka kengele ng'ambo ya milima ya theluji. Hadithi yake imetungwa na mtu aliyejua kuandika. Nasema hivyo nikiwa mwalimu wa fasihi ya kale, si kwa mapenzi tu. Mirei asihangaike kuutafuta. Umo ndani ya kifurushi hiki, pamoja na mashine. Ni kaseti ileile, Yasunori. Ni ya kwako na mama yako.

Sasa pumua kidogo, nami nipumue.

Unakumbuka ilivyokuwa. Baba yako alikuwa ameshatoka katika maisha yenu, nanyi mlikuwa mkiishi kwangu. Mama yako Fusae alipolazwa, na baadaye alipowekewa mrija kooni asiweze kusema, mlibaki na mashine moja na kaseti moja. Mimi ndiye niliyekuwa tarishi. Jumatano na Ijumaa nilitoka shuleni nikapitia hospitalini, nikaibeba mashine ndani ya kitambaa cha kufungia chakula, kwenda au kurudi. Jumapili ulikwenda mwenyewe.

Kaseti ile ina nafasi tatu za kuhifadhi safari. Ya kwanza yako, ya pili yake. Ya tatu mliitumia kuandikiana: mnaanza safari mpya, mnampa msafiri jina, mnaihifadhi, basi. Jina halikubali zaidi ya herufi nne za kana, zile herufi zetu za silabi. Kwa herufi nne mama yako alikuuliza kama umekula, akakukumbusha kuvaa soksi, akakutania kwa kukuita nguruwe. Nilikusikia ukicheka peke yako kwenye ngazi, nikadhani unapoteza wakati.

Ijumaa ya tarehe 31 Januari 1992 alinipa mashine kwa mikono miwili. Kisha akanishika mkono juu ya kitambaa, akaubana, akanitazama. Sikuwahi kuiwasha kabla ya siku hiyo. Siku hiyo niliiwasha, nimesimama jukwaani nikingoja treni. Katika nafasi ya tatu palikuwa na jina jipya. Kwa maandishi yetu ni herufi tatu, na nafasi ya nne aliiacha tupu.

Lilisema: Njoo.

Mtihani wako wa kuingia sekondari ulikuwa Jumapili. Nilikuwa nimekusomesha miaka miwili kwa ajili ya asubuhi ile moja. Nikapiga hesabu kama mwalimu: akienda leo atalia, hatalala, atashindwa. Fusae amekuwa hivi tangu Desemba, atangoja mpaka Jumatatu. Nilipofika nyumbani nikaitia mashine kwenye droo yangu. Ulikuja mbio, penseli ukiwa nayo sikioni: "Mjomba, mama ameandika nini?" Nikakwambia ameibakiza mashine ili usome. Ukasema, "Hata yeye kawa mkali kama wewe!" ukarudi kwenye vitabu vyako.

Jumamosi nilikwenda kumwona peke yangu. Nilipoingia hakunitazama mimi. Alitazama mlango nyuma yangu, akaendelea kuutazama hata nilipokwisha kuufunga. Nikamwambia, "Ana mtihani kesho. Jumatatu nitamleta." Mama yako akageuzia uso dirishani. Nilikaa nusu saa nikammenyea chungwa ambalo nilijua hawezi kulila.

Alifariki Jumapili saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wewe ukiwa kwenye chumba cha mtihani. Ulifaulu.

Nilidhani nitakueleza baada ya mazishi. Kisha uliniuliza mashine iko wapi, nami nikasema jambo la kwanza lililokuja ulimini: nitaiweka jenezani aende nayo. Nilikusudia kweli kufanya hivyo, neno lile liungue pamoja naye. Lakini mtu wa mazishi alipoiona mkononi mwangu alinizuia kwa adabu: kitu chenye betri hakiruhusiwi, hulipuka tanuruni. Ningeweza kutoa betri za mashine, lakini ndani ya kaseti mna nyingine, ndogo, na akasema hata hiyo haifai. Nikaitia mfukoni mwa koti la msiba. Wewe ulikuwa nje na mashangazi. Ulipoingia nikakwambia imo, chini ya maua.

Tulipokusanyika kuokota mifupa kwa vijiti, mimi na wewe tulishika kipande cha bega pamoja, kama ilivyo desturi, nawe macho yako yalikuwa yakipekua majivu. Ukaninong'oneza, "Mjomba, mbona hakuna hata kipande cha plastiki?" Nikasema plastiki huyeyuka yote. Ukaitikia kwa kichwa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na uliniamini, huku mashine ikiwa imegusana na ubavu wangu.

Nilianza kuucheza mchezo ule mwaka huohuo, wewe ukiwa shuleni. Nilitaka kufuata safari yake Fusae, nione aliishia wapi. Aliishia kijiji cha saba, mbele ya nyumba ya wageni. Sikumsogeza. Nilichukua mashine ya pili na kaseti nyingine kama ile, nikatembea kutoka mwanzo mpaka nikamfikia hapo, na baada ya hapo sikujua kuacha. Kaseti zote ulizoziona kwenye rafu zilianzia hapo. Sikuzikusanya kwa furaha.

Ile betri ndogo ya ndani ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Ikiisha, majina yote hufutika. Mwaka 2005 nilimpelekea Hirabayashi, fundi wa redio, unamkumbuka, yule mwenye meno ya dhahabu. Akaniambia ukiitoa tu, kila kitu kimekwenda. Njia ni kuibadilisha mashine ikiwa imewashwa, umeme usikatike hata nukta moja. Alilehemu, mimi nikamshikia taa. Taa ikanipotoka, akanifokea: "Mwalimu, hiyo taa unamulika dari! Kwani humu tunamzika nani?" Nikaishusha taa. Alipomaliza, tukaangalia: nafasi zote tatu zilikuwepo. Alilisoma lile jina la tatu, akanitazama, akakataa malipo. Alibadilisha tena mwaka 2019, mwaka mmoja kabla hajafa. Kwa hiyo lipo, na kwa makisio yake litakuwepo miaka kumi mingine.

Nimeweza kulitunza neno la mama yako, na sikuweza kukupa. Sina maelezo yanayonipendeza. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Mwaka 2004, siku uliyoondoka kwenda Brazili, tulikunywa bia stesheni, ukasema ukitazama reli: "Mama alijua anakufa, Mjomba. Alijua kabisa, na hakuniita." Ulisema bila lawama, kama mtu anayetaja rangi ya macho yake. Treni yako ilikuwa na dakika kumi na nne bado. Nilikuwa na dakika kumi na nne, nikakununulia chakula cha njiani.

Alikuita, Yasunori. Alikuita kwa nguvu zote alizobaki nazo, na aliyekuzuia ni mimi. Usikae siku moja zaidi ukiamini vingine.

Mwambie Mirei acheze nafasi ya kwanza akitaka, ni yako, na wewe ndiye wa kuruhusu. Ya pili na ya tatu asiziguse: kitufe cha kufuta kiko karibu sana na cha kuendelea, na mashine huuliza mara moja tu. Iwashe wewe kwanza, mezani, mchana, palipo na mwanga wa dirisha, maana kioo kile gizani hakisomeki. Kama hutaki Lucília wala mtoto wajue nilichofanya, hiyo ni hiari yako. Ukitaka wajue, waambie kama nilivyokwambia, usinipunguzie.

Nimewaeleza hospitali na jirani kwamba nikifa wasikusumbue kwa simu ya haraka. Watakuandikia. Nyumba na kaburi la ukoo vimeshapangwa na binti wa marehemu shangazi Sadako, hutadaiwa kitu wala kutakiwa mahali. Ukichukia, chukia bila kukimbizana na kifo changu. Ukitaka kuandika, andika ingawa huenda nisisome.

Nisalimie Lucília, na mama yake Dona Iracema, ambaye kila Mwaka Mpya hunitumia kahawa. Msalimie Mirei, mwambie babu wa mbali amefurahi kwamba ameuliza. Nyumba yenu iwe na utulivu, watoto wenu wakue, na mkiitana muitikiane.

Mimi sikuiti uje. Nilimnyima mama yako jambo hilo alipoliomba, na siwezi kuliomba kwa ajili yangu.

Ni mimi niliyekulea, niliyekukosea, na ninayekupenda,

Mjomba wako,
Teruhisa