Vyuma vya Mbele vya Pikapu Yako

Mpendwa mwanangu Siti,

Assalaam alaykum, mwanangu. Salamu hii nimekutolea mara nyingi nikiwa nimesimama pale ulipolazwa karibu na bibi yako, lakini pale huishia kwenye dua, na maneno mengine yote hurudi nayo nyumbani. Leo nimeona niyaandike. Najua hutayasoma. Mamako amechoka kunisikiliza, na simlaumu, naye ana yake.

Nataka tuzungumze habari ya pikapu.

Siku ulipoileta hapa Kinondo ulipiga honi tangu kwenye kona ya msikiti, majirani wakatoka wakidhani ni harusi. Ulikuwa umepata kazi ya udaktari wa mifugo kule Kinango, na njia za kule si za gari la kubembeleza. Ulishuka ukaja kunipa mkono, "Shikamoo baba, njoo umwone mwanao mpya." Nikaizunguka kama nilivyokuwa nikizunguka magari ya hoteli kila asubuhi, miaka yote niliyowaendesha wageni Diani. Magurudumu mazuri, chesisi haina kutu. Lakini nilipofika mbele nilisimama. Niliona rejeta, taa mbili, na bampa ya plastiki ambayo hata mbuzi angeivunja.

"Siti," nikakwambia, "gari hili haliendi Kinango na uso mtupu hivi. Lazima litiwe bulbaa, vile vyuma vya kukinga mbele."

Ukacheka. "Baba, mimi nakwenda kutibu ng'ombe, siendi kupigana nao."

Wewe ulicheka, lakini mimi nilikuwa namfikiria Bakari. Hukumjua, aliacha kazi kabla hujaanza shule. Tulikuwa tukiendesha pamoja. Jioni moja kwenye barabara ya Lunga Lunga ng'ombe alimtokea kichakani, akapanda juu ya boneti, akaingia na kioo cha mbele mpaka kifuani pake. Bakari alipona, lakini hakutembea tena. Gari lake halikuwa na chuma chochote mbele. Tangu siku ile, kila nilipoona gari likienda bara, jicho langu lilikwenda kwanza kwenye bampa.

Kwa hiyo tulikwenda Ukunda, mimi na wewe, kwa yule fundi wa bara aliyeziegemeza bulbaa zake ukutani. Mimi niliiona yangu mara moja. Ya chuma kizito, mabomba mazito yaliyochomelewa kwenye bamba nene, yenye vizimba vya kukinga taa na mahali pa kufunga winchi ya kulivuta gari likikwama. Watu wawili waliinyanyua kwa tabu. Fundi aliipiga kofi kama mtu anayepiga mgongo wa fahali.

"Mzee wangu, hii ni mambo yote," akasema. "Ukigonga ng'ombe na hii, ni ng'ombe ndiyo inaenda gereji."

Nikamwambia afunge. Wewe ukamwambia angoje.

Ulichuchumaa mbele ya kile chuma ukakitazama kama unavyotazama mnyama aliyelala vibaya. Halafu ukaniambia kwa ile sauti yako ya upole, ambayo nilijua ikija basi hutabadilika. "Baba, hiki hakirudi nyuma. Mtu akigongwa na boneti, boneti hubonyea, huenda akapona. Akigongwa na hiki amegongwa na ukuta. Na njia yangu kule ni ya watoto wa shule na wanawake wenye madumu ya maji."

"Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe nitapunguza mwendo. Wale ninaokwenda kuwatibu ndio hao hao nitakaokutana nao njiani."

Ukaniambia pia kwamba uzito ule wote mbele ungelaza springi, gari liinamishe kichwa, na rejeta ikose hewa kwenye jua la Kinango. Hayo niliyajua, ni kazi yangu. Lakini nilikujibu kwamba springi hununuliwa, na mtoto hanunuliwi. Fundi akajifanya anatafuta spana.

Tulirudi nyumbani bila kuifunga. Kesho yake tukaanza tena kwenye chai, na keshokutwa tena, mpaka mamako akaweka kikombe chini akauliza, "Nyinyi mnachagua chuma au mnachagua mchumba?" Hapo tukacheka wote, na kucheka kule ndiko kulikonishinda. Nikakubali ile uliyoitaka wewe, ya bomba jembamba lenye upinde mmoja, iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi, nyepesi hata wewe peke yako uliweza kuibeba. Bolti ya mwisho uliikaza mwenyewe, mikono ya baibui umeikunja, na fundi amesimama pembeni akikutazama.

Nataka nikiri kwamba ulinifanya nikaipenda. Ile siku uliyonichukua kwenye mnada wa Kinango, punda alijitupa barabarani karibu na yale mabwawa yaliyokauka. Ulikuwa umepunguza mwendo kitambo. Upinde ukamgusa ubavuni, akakaa chini kama mtu aliyesukumwa kwenye harusi, kisha akainuka akatutazama kwa dharau. Ulishuka ukampapasa miguu yote, mmoja mmoja, na mwenyewe akaja mbio tayari kwa ugomvi. Aliposikia wewe ni daktari, alikuomba umtazame na meno. Ukamtazama na meno. Mimi nilibaki garini nikicheka peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Bakari nilikuwa nimekaa kiti cha mbele bila kushika mlango.

Halafu zikaja mvua za masika.

Ulinipigia simu mchana. Ulisema huko kunanyesha, kuna mama ng'ombe wake ameshindwa kuzaa, utachelewa, tusikungoje kula. Nilikuuliza njia iko vipi. Ukasema, "Inapitika, baba." Sikusikia wasiwasi wowote katika sauti yako. Nimeirudia sauti ile kichwani mara nyingi nikiutafuta wasiwasi, na haumo.

Watu waliokuwa ng'ambo walitueleza yaliyobaki. Ulifika kwenye lile daraja la chini ambalo maji hupita juu yake, ukasimamisha gari, ukashuka, ukatazama. Ukangoja. Maji yakapungua mpaka mwenye baiskeli akavuka akiisukuma. Ndipo nawe ukaingia, polepole, inavyopasa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu milimani, na wewe ulikuwa katikati maji yake yalipofika. Wanasema walikupigia kelele. Wanasema gari lilisukumwa ubavu kama sanduku tupu.

Ubavu, Siti. Siku zote zile mimi na wewe tulibishana juu ya mbele.

Wachungaji walikupata chini zaidi, maji yaliposhuka. Tulikuzika siku ile ile, Kinondo ikajaa watu ambao sikuwafahamu, wenye vumbi jekundu kwenye viatu, waliokuja kwa sababu uliwahi kumwokoa ndama wao. Pikapu ilivutwa na trekta. Nilikwenda mwenyewe kuipokea. Milango imebonyea, vioo hakuna, kiti chako kimejaa mchanga. Nikaenda mbele. Ile bulbaa ilikuwa imenyooka kama siku ulipoifunga, imenasa majani tu. Hata rangi haikuchubuka.

Nikamuuliza mwenye trekta, "Ingekuwa bulbaa nzito, ingelishika gari chini?"

Alilielewa swali, naye ni mtu wa magari. Alifuta mikono, akatazama mto, akatazama gari. "Labda, mzee. Au labda lingezama mapema. Maji yale yalibeba mawe."

Basi nimebaki na hilo "labda". Naamka nalo. Nakaa nalo kwenye baraza nikipima uzito wa mabomba, kimo cha maji, urefu wa chesisi, kama kwamba hesabu ikipatikana utaingia mlangoni ukinidai chai. Mamako aliniambia, "Acha kupima vyuma, baba Siti. Mungu amempenda zaidi." Naamini hivyo, Alhamdulillahi kwa kila hali. Imani ninayo. Raha ndiyo iliyoondoka, na sioni njia itakayorudia.

Pikapu iko nyuma ya nyumba. Kijana mmoja wa Msambweni amekuja kuulizia ile bulbaa, anasema ni nyepesi na ni nzuri kwa mtu anayejali. Nilimwambia aende nayo. Akashangaa kwamba sikumtajia bei. Nilishika spana nikaifungua mwenyewe, akaondoka nayo begani. Nilidhani nitalia, au nitapumua. Sikupata hata kimoja. Uso wa gari umebaki mtupu, na mimi nikaingia ndani kusali alasiri.

Na jambo la mwisho, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilisikia hodi. Alikuwa mwanamke wa upande wa Kinango, amemfunga mbuzi ndani ya leso mgongoni kama mtoto. Alikuwa ameuliza njia tangu Ukunda, kwa baba wa daktari. Nikamkaribisha, nikamwambia taratibu kwamba daktari alifariki.

"Nilisikia," akasema. "Lakini nikasema watu huzidisha. Na kule kwetu hajaletwa mwingine."

Alimfungua mbuzi akamlaza sakafuni pa baraza. Tumbo limevimba, pumzi zinakuja kwa mbali. Aliniuliza kama uliacha dawa. Nilimwambia dawa zote zilikwenda na maji. Akauliza kama mimi, kwa kukaa na wewe, sikujifunza kidogo. Nilipiga magoti, Siti, nikaweka mkono kwenye tumbo la mnyama yule, na sikujua nitafute nini. Mamako alileta maji, mbuzi hakuyanywa. Tukakaa watu watatu tukimtazama, mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amekwisha.

Yule mama hakulia. Aliikung'uta leso yake, akaikunja, akaiweka begani. Nilimwomba abaki ale, akasema njia ni ndefu.

Pale ngazini aligeuka. "Basi nitawaambia wenzangu wasije tena," akasema.

Nikamwambia, "Waambie, mama."

Mwenyezi Mungu akunyooshee pale ulipo, mwanangu, na alipanue kaburi lako. Hapa kwetu sina habari njema ya kukupa.

Ni mimi,
babako