Mama Mkwe na Kitufe cha Spoti

Haydom, Jumanne usiku

Na bado mke wangu amenuna! Kosa ni la yule dalali wa Arusha aliyeniuzia gari. Si ndiye aliyesema kitufe cha Spoti ni cha milima?

Mimi ni dereva. Kwa gari hili la otomatiki nimewahi kumwacha mbuni nyuma kule Hanang, akakaa chini kwa aibu. Leo nilikuwa nampeleka mama mkwe hospitali kutolewa mtoto wa jicho, nikakibonyeza kitufe hicho tangu Endagikot. Gari likanguruma kama fahali.

"Baba Paulo, kizime, linakunywa mafuta," mke wangu akaanza.

"Udereva umejifunzia wapi, jikoni?"

Mama mkwe akauliza taratibu, "Mwanangu, hili gari linaumwa? Linalia tangu nyumbani."

"Mama, hiyo ndiyo nguvu yenyewe."

Hata kwenye tambarare gia ilikataa kupanda, mshale wa mafuta nao ukalala. Tukazimika porini, na daktari wa macho, mgeni pale hospitali, alikuwa anaondoka leo leo.

Nikasimamisha bodaboda. Mama wa watu, mzee vile, akajifunga shuka akapanda. Mimi na mke wangu tukabaki tunatazama vumbi. Mkwe gani mimi...

Namshukuru Mungu, alimuwahi daktari. Jicho limefungwa bandeji, kesho muuguzi atalifungua. Jioni, baada ya kuletewa mafuta, nimeingia wodini nikamwamkia.

"Shikamoo mama. Kesho nitakurudisha polepole, kitufe nimekizima."

"Marahaba, mwanangu. Wewe tangulia tu. Mimi nimeshaongea na yule wa pikipiki."