Pigo Ambalo Héritière Hakulichora

Turffontein,
Johannesburg.
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Ruphin,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mtoto anayependa filamu za kutisha ni mtoto asiyeogopa kitu, au mtoto aliyefanya urafiki na giza. Mara nyingi ni kinyume. Huyo ndiye mwoga kuliko wote nyumbani, na anatafuta mahali pa kuiweka hofu yake. Nimetanguliza neno hili mbele ya salamu, mimi niliyekufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni amri ya serikali. Utaona kwa nini.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona, au vumbi la migodi ya Kolwezi bado linakukohoza? Na dada yangu Mamie, mama yako, bado anameza dawa za presha siku anazozikumbuka tu? Mimi sijambo kwa mtu wa umri wangu. Baridi ya Juni imenishika magoti. Farasi wa uwanja wa mbio, hapa jirani, wanavalishwa mablanketi kila asubuhi. Mimi hakuna anayenivalisha.

Ninaandika kwa kalamu kisha ninazipiga picha kurasa na kukutumia kwa simu, kwa sababu jumbe zangu za sauti unazisikiliza nusu. Hii isome yote, nakuomba.

Jumapili iliyopita mkeo Célestine alikupigia simu kutoka kanisani na kukuuliza kama unakubali binti yenu Héritière aombewe. Ulisema, “Kama ni mambo ya Mungu, fanyeni.” Labda ulikuwa unaingia kazini. Hukujua kwamba simu ilikuwa kwenye spika na wazee wa kanisa wamesimama wakisikiliza. Pasta wao, Exaucé, ana kanuni moja ambayo haivunji: mtoto ni wa baba, na haingii kwenye chumba cha maombi bila sauti ya baba. Sauti yako ndiyo waliyokuwa wanaingoja. Ijumaa jioni wanamwingiza.

Chumba hicho kiko mjini, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa la ofisi za bima. Mtoto anafunga humo, bila chakula wala maji, hadi akiri uchawi wake. Jumatatu ni sikukuu ya Vijana, shule zitafungwa, hakuna mwalimu atakayeuliza yuko wapi. Mwaka jana waliingiza msichana mwingine. Alikiri, kwa maana mwenye kiu hukiri lolote. Leo hii yuko kwa shangazi yake, anakaa dirishani, haongei, na hakuna nyumba nyingine ya watu wetu inayomfungulia mlango. Hicho ndicho ninachokiogopa zaidi ya njaa yenyewe. Wakishamtoa neno hilo kinywani, halirudi tena.

Utauliza amefanya nini. Amechora.

Unajua binti yako anachora hadithi za katuni tangu akiwa mdogo, kwenye karatasi ya kahawia ambayo mama yake hukatia vipimo vya magauni. Mwaka huu ametimiza kumi na tano, na hadithi zake zimekuwa za kutisha. Kuna jitu lisilo na uso linalotembea mitaa ya Jeppestown, linagonga mlango mmoja baada ya mwingine na kuuliza watu wametoka wapi. Huhitaji kuwa mhakiki kujua amelitoa wapi. Mtoto wa Kikongomani akikulia hapa anajifunza mapema kunyamaza kwenye teksi, ili lafudhi ya mama yake isisikike na wanaowachukia wageni.

Katika hadithi ya mwisho amechora mlinzi amesimama langoni, na kivuli cha lile jitu kikimfikia miguuni. Kisanduku kinachofuata kina lango wazi na kofia chini. Basi. Haukupita muda mrefu, majambazi wakavamia karakana anayoilinda André, mdogo wake Célestine, wakampiga kichwani. Bado yuko hospitalini na hajafungua macho. Célestine alipokuwa anatafuta karatasi ya kukatia gauni aliikuta michoro ile, akapiga ukelele uliowatoa majirani wote nje.

Usimhukumu mkeo. Anampenda mtoto, na anampenda ndugu yake. Ana hofu, na mtu mwenye hofu humsikiliza anayeongea kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Nilikwenda kumwona Pasta. Nilipanda ngazi zile polepole, nikamkuta amezitandaza karatasi za mtoto juu ya meza ya sadaka, na akina mama wa kwaya wamesimama pembeni.

“Papa Jacques, keti. Tazama mwenyewe. Huyu ni André, si ndiyo?”

“Ni mlinzi mwenye kofia. Walinzi wote wa mji huu wanavaa kofia ile.”

“Na hapa?”

“Hapa kuna kofia chini.”

“Basi amemwangusha!”

“Nani?”

“Huyu mtoto, Papa! Kwa kalamu!”

“Nionyeshe kwa kidole mahali alipolichora pigo.”

Kidole chake kilitoka kwenye mlinzi, kikaenda kwenye kofia, kikarudi, kikasimama kwenye nafasi nyeupe iliyo kati ya visanduku viwili. Mama mmoja wa kwaya alishindwa kujizuia. “Eish, Pasta, hapo mbona hamna kitu!” Wenzake wakacheka, Pasta akawatazama mpaka wakanyamaza.

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu Lubumbashi kwa miaka mingi, na kama ninavyosema kila wiki kwenye kile kipindi changu cha redio ya mtandaoni. Katuni inafanya kazi katika nafasi ile nyeupe. Mchoraji anakupa mkono ulioinuliwa, kisha anakupa mtu aliyeanguka, na wewe msomaji ndiye unayepiga. Ukubwa wa pigo, damu, silaha, vyote vinatoka kichwani mwako. Pasta ameona pigo pale kwa sababu amelileta mwenyewe.

Nilidhani nimeshinda. Nilijisikia vizuri kabisa, kama mtu aliyefunga hoja mbele ya darasa. Ndipo akaniuliza kwa upole, “Papa, ulijifunza wapi kusoma vitu hivi?”

“Ndiyo kazi yangu, Pasta. Nahakiki filamu, katuni, muziki.”

“Ndiyo. Tumeambiwa kwamba ndiyo kazi yako.”

Yule mama wa kwaya alirudi nyuma hatua moja, kutoka kwangu. Ruphin, mimi nimetazama filamu nyingi za kutisha kuliko mtu yeyote unayemjua, na sijawahi kupata baridi ya mgongo kama niliyoipata pale. Unajua kwetu mjomba ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole mtoto wa ukoo akisemwa kuwa mchawi. Na filamu ambazo Héritière amezitazama, nyingi tumezitazama pamoja sebuleni kwangu, nikimweleza kamera imewekwa wapi. Kwa hiyo sasa mimi ndiye niliyempa uchawi. Kila neno ninalosema kumtetea linahesabiwa kuwa ushahidi. Célestine hapokei simu yangu, na jana nilipokwenda kwake mlango ulifunguliwa kidogo tu, ukafungwa.

Ngoja nikueleze maoni yangu juu ya filamu hizo, ili usidhani mjomba wako amezeeka vibaya. Nyingi ni mbovu. Zina damu ya rangi na kelele ya ghafla ili uruke kitini. Hata bati likianguka utaruka, hiyo si sanaa. Lakini chache nzuri zinafanya jambo la maana. Zinakutisha ukiwa mahali salama, mlango wa kutokea unaujua, na mwisho taa zinawashwa. Unatoka umeigusa hofu na mikono yako bado mizima. Chumba cha ghorofa ya tatu kina hofu ileile, ila mlango umefungwa kwa nje.

Tena filamu ya kwanza ya kutisha aliyoiona binti yako aliiona kanisani. Walionyesha video ya jehanamu, watu wamepakwa masizi na kuvishwa pembe za maboksi, na watoto wa chekechea wameketi mstari wa mbele. Kama mhakiki nasema ilikuwa filamu mbaya sana. Alikojoa kitandani kwa miezi.

Na muziki. Wanasema roki anayoisikiliza ina sauti ya shetani, kwamba shemasi mmoja ameugeuza wimbo kinyumenyume kwenye simu akamsikia anatajwa. Hata wimbo wa Noeli ukiugeuza hivyo utamsikia unayemtafuta. Niliazima visikilizi vya mtoto nikasikiliza wimbo mzima. Gitaa wanalichafua kwa makusudi, mpaka liwe kama koo la mtu aliyelia hadi sauti ikakauka. Mimi siupendi. Unaniumiza meno. Lakini wale ni vijana wenye huzuni wanaopiga kwa pamoja bila kukosea hata kidogo, na huzuni inayopangwa vizuri hivyo haimdhuru mtu. Baba yangu alisema maneno yaleyale ya shetani juu ya magitaa ya rumba ambayo wewe uliyacheza kwenye harusi yako.

Hoja yangu kubwa sikumwambia Pasta, nakuambia wewe. Kila asubuhi Célestine alikuwa anaomba kwa sauti kwamba André asipigwe langoni. Alilitaja lango, alilitaja pigo. Hakuna aliyesema maombi yake ndiyo yaliyomwangusha. Mtoto alikuwa na hofu ileile kwa mtu yuleyule, naye akaichora.

Juzi Jumatatu nilimsubiri mtoto nje ya shule. Ananiita Nkambo, kama watoto wote wa Lubumbashi wanavyowaita babu zao, ndilo neno la nyumbani ambalo halijampotea. Alikuwa amevaa sweta tu. Nilimuuliza kwa nini anachora mambo yale. Alisema, “Nikilichora, Nkambo, linakaa kwenye karatasi. Nisipolichora liko kila mahali.” Nikamwambia hilo ni jibu ambalo maprofesa hulizunguka kwa kurasa nyingi. Hakucheka. Tulitembea hadi kwenye roboti, taa za barabarani kama wanavyoziita hapa, zikawa nyekundu, na pale, bila kunitazama, akaniuliza:

“Labda ni kweli ni mimi? Labda nilimpiga Uncle André bila kujua?”

Ruphin, akiingia kwenye chumba kile na swali hilo, atatoka nalo likiwa jibu.

Mimi siwezi kumzuia Pasta. Umenielewa kwa nini. Jirani yao, Mama Mayasa wa Tanga, yuko tayari kumkaribisha Héritière kwake hadi sikukuu ipite, mradi Célestine aruhusu, na Célestine ataruhusu ukisema wewe. Mlango wa chumba kile ulifunguliwa na sauti yako, na hakuna sauti nyingine wanayoihesabu.

Msalimie sana dada yangu Mamie, lakini usimsomee barua hii yote, mwambie magoti tu. Msalimie mdogo wako Glody na umkumbushe kwamba bado ana vitabu vyangu. Tuombeeni André afungue macho. Mungu akuzungushie ukuta wa amani huko uliko, akulinde shimoni unaposhuka na unapopanda, na ayalinde macho ya mtoto wetu yaliyoona mengi mapema.

Mpigie Célestine leo, mwambie aweke spika mbele ya wazee wake, useme wazi kwamba Héritière haingii, kisha umwite mtoto mwenyewe kwenye simu umwambie kwamba si yeye.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni,
Jacques